Fistula ya dura ya uti wa mgongo: T2 ya kawaida inatosha kukushtua

Mgonjwa wa kawaida wa fistula ya dura, yaani muunganiko usio wa kawaida wa ateri na vena kwenye utando wa nje wa uti wa mgongo, ni mwanamume aliyevuka miaka 50. Katika kila wagonjwa watano, wanne hivi ni wanaume, na chini ya miaka 30 ni nadra kuuona. Malalamiko yake hayana kishindo: miguu inakuwa mizito akitembea mwendo mrefu au akipanda ngazi, ganzi inaanzia nyayoni na kupanda, baadaye mkojo unagoma, choo kinafunga, nguvu za kiume zinapungua. Kwa umri wake anapigwa MRI ya kiuno. Ripoti inarudi na disiki za L4/5 na L5/S1 zilizotokeza na mfereji uliobana kidogo, jambo utakalolikuta kwa wazee wenzake wengi wasiolalamika chochote. Anapewa dawa za maumivu, au anapelekwa kwa daktari wa tezi dume kwa ajili ya ule mkojo. Wengine hufanyiwa hata upasuaji wa disiki. Tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa utambuliwe hupita mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, na katika muda huo aliyekuwa anatembea mwenyewe anaanza kuhitaji fimbo, kisha kiti cha magurudumu.

Naandika kwa wenzangu wa radiolojia, kwa wataalamu wa mionzi wanaopanga itifaki kwenye mashine, na kwa madaktari wanaoandika fomu za vipimo. Ugonjwa huu haupotei kwa sababu ya uhaba wa mitambo ya kisasa. Dalili zake zimo kwenye picha ya T2 ya kila siku, aina ya picha ya MRI ambayo maji huonekana meupe, ile inayopigwa katika hospitali yoyote yenye MRI. Zinapotea kwa sababu jicho linakimbilia disiki za chini na kuacha robo ya juu ya picha.

Mvua ya Pugu, mafuriko ya Jangwani

Fistula yenyewe ni muunganiko wa moja kwa moja kati ya ateri ndogo inayolisha dura na vena inayotoka kwenye ugwe (kamba ya neva iliyo ndani ya mfereji wa mgongo) kufuata mzizi wa neva, bila kapilari katikati. Iko ndani ya utando wa dura pale unapouvika mzizi wa neva, chini kidogo ya pedikeli ya pingili. Zaidi ya asilimia 80 ziko kati ya T6 na L2, yaani pingili ya sita ya kifua na ya pili ya kiuno. Miongoni mwa miunganiko isiyo ya kawaida ya ateri na vena za uti wa mgongo, hii ndiyo inayoongoza, takriban asilimia 70. Hata hivyo ugonjwa wenyewe ni adimu: watu 5 hadi 10 katika kila milioni kwa mwaka.

Katika hali ya kawaida vena ya mzizi hutoa damu kwenye ugwe na kuipeleka nje ya dura. Fistula ikishatokea, damu ya ateri inamwagika ndani ya vena hiyo na kuisukuma kinyumenyume hadi kwenye mtandao wa vena unaouzunguka ugwe. Vena hizo hazina vali za kuzuia. Shinikizo linapanda, tofauti kati ya shinikizo la ateri na la vena inapungua, damu inatuama, maji yanavuja ndani ya ugwe. Sehemu inayoumia zaidi ni koni, yaani ncha ya chini ya ugwe, hata kama fistula iko juu kabisa. Mvua inanyesha Pugu, kwenye vilima vya Dar es Salaam, mafuriko yanakuwa Jangwani, bondeni. Kwa hiyo kiwango cha ganzi mwilini, au mahali ugwe ulipojaa maji kwenye picha, havikwambii fistula iko pingili gani. Ukipanga kipimo kinachofuata kwa kufuata dalili za mgonjwa, utatafuta mahali pasipo.

Foix na Alajouanine walieleza mwaka 1926 wagonjwa ambao ugwe wao ulikuwa ukifa polepole, bila chanzo kueleweka vizuri. Miaka mingi baadaye wapasuaji waliamini tatizo ni zile vena zilizovimba mgongoni mwa ugwe, wakawa wanazibandua moja baada ya nyingine, na baadhi ya wagonjwa wakatoka na hali mbaya zaidi, kwa kuwa zile ndizo njia za ugwe kutoa damu. Ni Kendall na Logue, mwaka 1977, walioonyesha kwamba kiini kiko kwenye dura ya mzizi wa neva na kwamba inatosha kuikata vena pale inapoingia. Tangu hapo kazi ya picha ikawa kukitafuta kitundu, si kuhesabu vena.

Unachokitafuta kwenye T2

MRI ya kiuno kwa kawaida huanzia T11 au T12. Koni iko hapo juu, karibu na L1. Kabla hujagusa disiki hata moja, iangalie koni. Jiulize mambo mawili tu.

La kwanza, je, katikati ya ugwe pameng'aa? Maji ya fistula hukaa katikati, yanasambaa kwa urefu wa pingili 5 hadi 7 au zaidi, na kwa wagonjwa walio wengi yanafika hadi kwenye koni. Ugwe unaweza kuwa umenenepa kidogo. Kwenye mkato wa kukingama utaona weupe katikati na ukingo mwembamba mweusi pembeni, unaotokana na damu iliyopungukiwa oksijeni kwenye kapilari zilizotuama. Ukingo huo ni dalili nzuri, ila wengi hawaulizi habari zake. Mpaka wa juu wa weupe hufifia taratibu, haukatiki ghafla.

La pili, je, kuna vijinyoka vyeusi mgongoni mwa ugwe? Damu inayokimbia huondoka kwenye mkato kabla mashine haijasoma ishara yake, hivyo vena zilizovimba huonekana nyeusi ndani ya maji meupe ya uti wa mgongo. Huwa nyingi nyuma kuliko mbele, zimejipindapinda, na huweza kuanzia koni hadi katikati ya kifua. Kwa wagonjwa wachache vena hazivimbi kiasi cha kuonekana, hasa kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ndogo kama tesla 0.3. Huko tegemea weupe wa katikati ya ugwe. Kukosekana kwa vijinyoka hakumwondolei mgonjwa fistula.

Ukiona moja kati ya haya mawili, mgonjwa asishuke kwenye meza. Ongeza picha ya uti wote. Ni dakika chache, na ni afadhali kuliko kumrudisha baada ya wiki tatu akiwa amelipa nauli mara mbili.

Kwa wataalamu wa mionzi: T2 ya ubavuni iwe na mikato ya milimita 3 au chini, pengo lisizidi asilimia 10. Mwelekeo wa fezi uwe wa kichwa kwenda miguuni, uongeze ziada ya fezi ili picha isijikunje, na uweke bendi ya kufifisha mbele ya pingili kuzuia mdundo wa moyo na aota usimwagikie kwenye mfereji. Mikato ya kukingama ya milimita 3 hadi 4 ipite kwenye koni na kwenye eneo lolote lililong'aa, isiishie kwenye disiki. Kisha, kama mashine inaruhusu, piga T2 nzito ya 3D, ile inayoitwa CISS au FIESTA kulingana na kampuni, kwa vokseli za milimita 0.6 hadi 0.8 pande zote. Hapo vena zinajitokeza kama nyuzi nyeusi ndani ya maji meupe, na unaweza kuzifuata moja moja hadi kwenye tundu la neva.

Mtego mkubwa wa T2 ni maji yenyewe. Maji ya uti wa mgongo yanadunda kwa mapigo ya moyo, na nyuma ya ugwe wa kifua mdundo huo hutoa vivuli vyeusi vinavyofanana na vena. Nimeona ripoti za pande zote mbili: vivuli vikiitwa fistula, na fistula ikiitwa vivuli. Kivuli cha maji ni kipana, kingo zake zimefifia, mkato unaofuata hakipo, na kwenye CISS kinatoweka. Vena ina kingo kali, inaugusa ugwe, kwenye mkato wa kukingama inakuwa nukta nyeusi inayorudi mahali palepale mkato baada ya mkato, na baada ya dawa ya kontrasti inang'aa. Mtego mwingine uko chini ya koni: mfereji ukibana sana, mizizi ya neva hujikunja juu ya mbano na kuonekana kama mishipa ya damu. Fuata mizizi hiyo kwa macho; inaishia kwenye mbano na haipandi mgongoni mwa ugwe.

Dawa ya kontrasti kwenye T1 ya kawaida, aina nyingine ya picha ya MRI, husaidia kiasi. Ugwe huweza kung'aa kwa mabaka katikati. Wakati mwingine ndani ya eneo refu linalong'aa kuna kipande kimoja kilichobaki bila kung'aa, kimekatika waziwazi kama kimepigwa rula; madaktari wa Mayo Clinic walikieleza mwaka 2018 na ni dalili ya kuvutia ukiipata. Usiingoje, kwa sababu wagonjwa wengi hawana. Kumbuka pia kwamba uso wa koni ya mtu mzima mwenye afya una vena zinazong'aa kidogo, nyembamba na nyoofu. Kung'aa peke yake si ugonjwa.

Steroidi zisitangulie

Ugwe mrefu uliong'aa kwenye T2 huandikwa haraka kuwa ni uvimbe wa kinga ya mwili, na mgonjwa anaanzishiwa dripu za methiliprednisoloni. Kwa mwenye fistula hili ni hatari. Imeripotiwa tena na tena kwamba miguu inalegea kabisa ndani ya saa au siku chache baada ya steroidi, na kwa baadhi yao nguvu hazirudi zote. Mgonjwa anayezidiwa baada ya steroidi, awe na umri wowote, apitiwe upya picha zake siku hiyohiyo.

Kwa mazingira yetu orodha ya magonjwa yanayofanana ni ndefu kuliko ile ya vitabu vya Ulaya. Kichocho cha ugwe, hasa kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, kinapenda koni kama ilivyo kwa fistula, na koni inavimba na kung'aa kwenye T2. Mgonjwa wake lakini mara nyingi ni kijana, dalili zinapanda kwa siku au wiki na si miaka, na baada ya kontrasti unaona vinundu vidogovidogo vingi vinavyong'aa ndani ya koni, bila vena kubwa mgongoni. Hapa kosa linauma pande mbili, kwa sababu kichocho cha ugwe hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na steroidi, zilezile zinazoweza kumlaza mwenye fistula.

Upungufu wa vitamini B12 unang'arisha nyuzi za nyuma tu, mara nyingi shingoni, kwa umbo la V iliyopinduliwa. Konzo, ulemavu wa miguu utokanao na muhogo usioloweshwa vizuri, huja ghafla, haizidi baada ya hapo, na MRI ya ugwe haina la kuonyesha. Kifua kikuu cha uti hujitambulisha kwa mifupa iliyoliwa na usaha pembeni. Ugonjwa wa kinga unaoshika neva za macho na ugwe hupanda kwa siku chache, na kipimo cha damu cha kingamwili za AQP4 kinasaidia. Maji ya uti wa mgongo ya mwenye fistula yana protini iliyopanda kidogo na seli za kawaida. Seli zikiwa nyingi, fikiria maambukizi au kinga kwanza. Ila kuna wagonjwa wa fistula waliozidiwa baada ya kuchomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kama T2 imeshaonyesha vijinyoka sioni haraka ya sindano hiyo.

Kupunguza eneo la msako

Fistula ikishashukiwa, kinachofuata ni kujua pingili na upande. MRA ya kontrasti yenye awamu za wakati, yaani MRI ya mishipa ya damu inayopiga picha mfululizo dawa ikipita, ndiyo njia bora kabla ya angiografia ya katheta, ile ya kuingiza mrija mwembamba ndani ya ateri. Slabu, yaani eneo linalopigwa picha, ijumuishe aota kwa mbele na mfereji wote kwa nyuma, urefu wa sentimita 45 hadi 50 kutoka kifua cha juu hadi sakramu. Gadolini, ile dawa ya kontrasti ya MRI, iwe 0.1 hadi 0.2 mmol kwa kilo, kwa kasi ya mililita 2 hadi 3 kwa sekunde, ikifuatiwa na maji ya chumvi mililita 20 hivi. Kwa mwenye figo dhaifu, chagua gadolini ya muundo wa duara uliojifunga.

Unasoma hivi: awamu ambayo aota imejaa, vena za ugwe hazitakiwi kuwa na kitu. Zikiwa zimeshang'aa pamoja na aota, kuna muunganiko. Kisha fuata vena iliyojipinda, tafuta tawi moja linalotoka mstari wa kati kwenda tundu la neva. Hapo ndipo inapoingilia. Kwa wagonjwa walio wengi MRA inataja pingili yenyewe au jirani yake, na hiyo inapunguza sana muda wa angiografia, kiasi cha dawa na mionzi. Tahadhari: ateri kubwa inayolisha ugwe, ile ya Adamkiewicz, na vena kubwa ya mbele zote zina kona kali kama kibanio cha nywele. Ateri hutangulia na kona yake ni kali zaidi. Vena huchelewa na ni nene.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni la kuhesabu. Kuna watu wenye mbavu jozi 11 au 13, kuna wenye L5 iliyoungana na sakramu. MRI ihesabiwe kutoka C2 kwenda chini, kwa picha ya mwongozo inayoonyesha uti wote, na ripoti iseme hivyo: "T9 kulia, kwa kuhesabu kutoka C2". Anayefanya angiografia huhesabu mbavu kwenye eksirei, mpasuaji huhesabu kutoka sakramu. Watu watatu wanaoanzia mahali patatu wataishia kwenye pingili tatu. Kubalianeni alama moja.

Pasipo na MRA, CT ya mishipa inafaa kama mpango wa akiba: mashine ya safu 64 au zaidi, kontrasti ya mililita 80 hadi 100 kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, mashine ikianza yenyewe dawa inapofika aota. Tatizo lake ni mifupa inayoficha tundu la neva, na awamu moja tu isiyotofautisha ateri na vena. Inaweza kukuonyesha pingili. Kukanusha ugonjwa haiwezi.

Angiografia isiyo kamili haisemi "hakuna"

Angiografia ya katheta ndiyo inayothibitisha. Hospitali zenye chumba chake ni chache, kwetu ni za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, na wagonjwa wengi wamezoea kupewa rufaa ya India. Popote inapofanyikia, anayempeleka mgonjwa ampe diski yenye picha za DICOM zote, yaani faili kamili za mashine, siyo filamu zilizochapwa. Filamu haina awamu za MRA wala mikato ya kutosha, na huko wataanza upya.

Ninapendelea nusukaputi. Kompyuta hufuta mifupa kwa kutoa picha moja kwenye nyingine, na pumzi moja au utumbo unaotembea unatosha kuficha vena ya milimita moja. Daktari wa usingizi husimamisha mashine ya kupumulia kwa sekunde 20 hivi kila picha; haiosini 20 mg hutuliza utumbo. Rula yenye alama za risasi inalazwa chini ya mgongo, pembeni kidogo ya pingili, na inabaki hapo mpaka mwisho.

Njia ni ateri ya paja, katheta ya 4F au 5F yenye ncha ya Cobra, Mikaelsson au Simmons. Unaanza na pingili iliyotajwa na MRA na majirani zake wa juu na chini, pande zote mbili. Kila ateri inasukumiwa kwanza kontrasti kidogo sana, chini ya mililita 1, kuona kama katheta imekaa vizuri na haijaziba mdomo wa ateri. Ikiwa damu hairudi kwenye katheta, irudishe nyuma kidogo. Katheta iliyoziba ateri inayolisha ugwe ndiyo njia rahisi ya kumfanya mgonjwa aamke hawezi kuinua miguu. Kisha mililita 2 hadi 4 kwa mkono, polepole, picha 2 hadi 3 kwa sekunde. Kila sindano isafishwe kwa maji ya chumvi yenye heparini, hewa itolewe.

Fistula inaonekana hivi: kwenye tundu la neva panatokea kifundo kidogo cha ateri nyembamba, mara vena moja inachomoka kwenda katikati, inaingia ndani ya dura na kuanza kupanda au kushuka mgongoni mwa ugwe. Mwendo wake ni wa kizembe. Kontrasti inaweza kuonekana bado ikitambaa sekunde 20 baadaye. Anayekata picha sekunde ya 6 kwa mazoea ya mishipa ya ubongo huona ateri tu na kuandika kwamba ni ya kawaida.

MRA ikiwa haikutaja mahali, au pale iliposema hapana kitu, unazunguka zote: ateri za mbavu kutoka T3 hadi T12, za kiuno L1 hadi L4, ateri ya katikati ya sakramu, kisha za nyonga, yaani ya iliolamba na za pembeni za sakramu. Bado hujapata? Panda juu: ateri ya mbavu za juu kabisa, za uti shingoni, matawi ya shingo yatokanayo na ateri ya chini ya mtulinga, na mwisho karotidi. Fistula za dura ya kichwa zinazotiririka kwenye vena za ugwe, aina ya V katika mpangilio wa Cognard wa 1995, hujaza ugwe maji kama zile za kifuani. Jumla inafika ateri 30 na zaidi. Kiasi cha kontrasti kikikaribia kikomo kwa figo za mgonjwa, simama, umalize siku nyingine. Usiharakishe ateri kumi za mwisho.

Ndiyo maana ripoti ya angiografia iwe na orodha ya ateri zilizoingiwa na zile zilizoshindikana. Kwa mzee mwenye aota iliyojaa mafuta na chokaa, midomo ya ateri mbili au tatu inaweza kuwa imeziba, na fistula inalishwa kwa njia ya jirani. Kila pingili ikichorwa vizuri, nusu ya mwili wa pingili upande huo hung'aa kama ukungu. Usipouona ukungu huo, hiyo pingili haijahesabiwa. Ripoti inayosema tu "hakuna fistula" bila orodha haimsaidii anayekuja baadaye.

Kuna kipimo kimoja ndani ya angiografia ambacho naona hakitumiki vya kutosha. Tafuta ateri ya Adamkiewicz, ambayo kwa robo tatu ya watu hutoka kati ya T9 na T12, mara nyingi kushoto, na upige picha ndefu kupitia hapo. Vena za ugwe mzima huonekana ndani ya sekunde 15 hivi. Zikionekana kwa wakati wake na kutoka nje ya dura kama kawaida, msongamano wa vena haupo na fistula ya dura karibu imekanushwa. Zisipoonekana kabisa, fistula ipo mahali ambapo hujaingia bado, na huna ruhusa ya kufunga kazi.

Picha hiyohiyo inajibu swali la mpasuaji: je, ateri inayolisha fistula na ile inayolisha ugwe zinatoka shina moja? Zikitoka shina moja, gundi ya kuziba fistula kupitia katheta haipitishwi hapo, mgonjwa anakwenda kwa upasuaji. Zikiwa mbalimbali, gundi ya akriliki inaweza kujaribiwa, kwa sharti ifike mwanzo wa vena. Ikibaki ndani ya ateri, picha ya siku hiyo inapendeza, lakini ateri jirani hufungua njia upya. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliojumlisha tafiti za awali ulikuta upasuaji ukifaulu kwa asilimia 98 na gundi kwa 46. Vifaa vimeboreka tangu hapo, ila sababu ya kufeli ni ileile.

Baada ya matibabu, MRI ya kulinganisha hupigwa miezi 3 hadi 6. Weupe wa ugwe hupungua polepole na huweza kubaki kiasi hata kwa mgonjwa anayetembea vizuri, kwa hiyo usiutumie peke yake kusema fistula imerudi. Vijinyoka vinatakiwa kusinyaa. Vikibaki vinene, au weupe ukipanda juu zaidi ya ulipokuwa, rudia MRA ya awamu kwa itifaki ya mwanzo, na uangalie kwanza pingili iliyotibiwa, kisha ya juu yake na ya chini yake, pande zote mbili.